Zawadi za sikukuu kazini: nani ampe nani? Mwaka huu nimekataa kushika daftari la michango

#1 Mtunza Daftari (mleta uzi)

Wana jamvi, habari za Desemba.

Jana saa 3 asubuhi umeshuka ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la ofisi yetu: kila mfanyakazi atoe 30,000 ya zawadi ya sikukuu ya mkurugenzi, mwisho Ijumaa, na majina ya waliotoa yatapandishwa kila jioni yakiwa na alama ya tiki. Chini yake wameandika mtunza fedha ni mimi. Hakuna aliyeniuliza. Mimi ni katibu muhtasi, mwaka wa 16 huu, nimepita ofisi tatu hapa Dar es Salaam na kote nimeshikishwa daftari: la harusi, la msiba, la kumuaga mtu, la sikukuu. Mwaka huu la sikukuu nimelikataa. Nataka niseme kwa nini, halafu nisikie na nyie huko kwenu mnafanyaje.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye ofisi niliyokuwepo, tulichangishana 20,000 kila kichwa tumnunulie bosi saa ya mkononi. Tulikuwa na mhudumu wa ofisi, mama mtu mzima, ndiye aliyetupikia chai na kufagia korido. Alikuja mezani kwangu jioni watu wakishaondoka. Akafungua fundo la pindo la khanga yake, akazipanga hela mbele yangu: noti tano za elfu mbili, noti sita za elfu moja, na sarafu nane za mia tano. Akazihesabu mara mbili kwa kidole. Akaniambia, "Mwanangu, niandike jina, nisije nikaonekana mimi ndiye sijatoa." Mshahara wake nilikuwa naujua, maana karatasi za malipo zilikuwa zinapita mikononi mwangu, na nilijua zilikuwa zimebaki siku tisa mshahara utoke. Nikamwandika. Kalamu ya bluu, mstari wa 17, naukumbuka mpaka leo.

Bosi akakabidhiwa kasha lake, tukapiga makofi, tukapiga picha. Baada ya miaka miwili akahamishwa, na mimi ndiye niliyefunga vitu vyake kwenye maboksi. Kwenye droo ya chini kabisa nikaikuta saa ndani ya kasha, utepe haujafunguliwa. Nikampelekea. Akaigeuza geuza, akaniuliza, "Hii ya nani?"

Wapendwa, yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuomba zawadi hata siku moja, na nina hakika angejua zile sarafu za mia tano zilikotoka angezirudisha siku ile ile. Sisi ndio tuliozikusanya. Mimi ndiye niliyeandika.

Tangu hapo nina msimamo mmoja tu. Zawadi ya kazini iteremke au iende ubavuni, isipande. Anayekusainia likizo, anayeandika tathmini yako ya mwaka, anayeamua mkataba wako uendelee au uishe, huyo akikupa mche wa sabuni, pokea kwa mikono miwili ushukuru. Wenzako wa meza moja mpeane mnavyopendana. Ila kumchangia aliye juu yako, tena kwa kiwango kilichopangwa na orodha inayobandikwa, hiyo si zawadi tena, ni ushuru.

Nawasilisha.

#2 Kijana wa Mapokezi

Dada umenigusa. Kwetu wanaandika "kwa hiari" halafu ukitoa pungufu unapigiwa simu. Mimi niko kwenye mkataba wa miezi sita sita na huu wa sasa unaisha Januari. Niambieni, mtu kama mimi anakataaje mchango wa Desemba?

#3 Mzee wa Kazi

Mleta mada, kwa heshima zote sikubaliani na wewe. Nimefanya kazi toka enzi za mashirika ya umma, na siku zote tulimpelekea mkubwa wetu kitu mwisho wa mwaka. Kijijini kwangu huwezi kwenda kumwona mzee umening'iniza mikono. Unabeba kuku, unabeba hata mkungu wa ndizi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Leo mnataka kuleta utaratibu wa kigeni kwamba bosi apewe "asante" ya mdomo basi. Mkubwa ni mkubwa, awe wa ukoo awe wa ofisini. Tusiue heshima kwa ajili ya 30,000.

#4 Mtunza Daftari

Mzee wangu shikamoo. Nashukuru umesema wazi, maana hoja yako ndiyo iliyoninyamazisha miaka yote hiyo.

Lakini hebu tumtazame huyo kuku. Ukimpelekea mzee kuku kijijini, huondoki. Kuku anachinjwa, unakula naye, na wakati wa kuaga mama wa nyumba anakufungashia mahindi au maharage. Hakuna anayeandika kwamba wa jirani alileta jogoo na wewe umeleta tetea. Mwaka wa njaa ukienda bila kitu mzee ndiye anayekupa. Na zaidi ya yote, yule mzee hakuandikii tathmini. Akichukia, bado ni babu yako. Bosi akichukia, mwezi ujao watoto hawana ada. Kuku ni yule yule, ila amewekwa mahali ambapo anamaanisha kitu kingine.

Nchi hii tulishabishana jambo hili hili kwa jina la takrima, nadhani unakumbuka vizuri kuliko mimi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kutoa takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, hoja ikiwa hii yako, kwamba ni ukarimu wetu wa jadi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vile: vinambagua mgombea asiye na kitu na vinafungulia rushwa mlango. Najua kule anayetoa ni mgombea na huku ni mfanyakazi. Ila aliyeumizwa ni yule yule asiye nacho, anayepimwa kwa kile alichoweza kutoa.

Kijana wa Mapokezi, wewe usikatae peke yako kwenye grupu. Nasema hivi kwa moyo wote: wa kusema kwanza ni sisi wenye ajira za kudumu. Mtu wa mkataba wa miezi sita hawezi kuachiwa vita hii. Tafuta mtu mmoja mwenye ajira ya kudumu unayemwamini, mwambie hali yako, yeye ndiye apeleke hoja kwamba bosi aandikiwe kadi moja ya pamoja, kila mtu aweke sahihi na sentensi moja ya kweli. Kadi ya 5,000 ikisainiwa na watu 20 ni shilingi 250 kila mmoja.

#5 Afisa Utumishi

Nachangia upande wa sheria kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Kwanza, kuna ofisi zinakata mchango wa zawadi moja kwa moja kwenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, imembana mwajiri kwenye makato: yawe yanatokana na sheria, mkataba wa hali bora (makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi), amri ya mahakama na mambo ya aina hiyo, au ni deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Zawadi ya meneja haimo. Kunyamaza kwenye grupu siyo kukubali kwa maandishi.

Pili, kwa walio serikalini. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilipotungwa iliruhusu kiongozi kupokea zawadi ndogo na ukarimu wa kawaida, ikaweka mstari kwenye shilingi 50,000. Zawadi inayofika hapo au kuzidi, kiongozi aitamke kwa maandishi kwa Afisa Masuuli, na huyo ndiye atakayeelekeza itumikeje. Kwa hiyo mkimchangia mkuu wa taasisi saa ya laki sita kwa upendo, mnamkabidhi na kazi ya kuitolea tamko. Mara nyingi wafanyakazi hawajui wanamweka pabaya mtu wanayedhani wanamfurahisha.

Ya tatu ni ushauri tu. Msitumie bahasha ya kaki. Hata kama ndani mna kadi ya Krismasi, wote tunajua bahasha ya kaki ikipita mkononi kwa mkono watu wanawaza nini.

#6 Mwalimu wa Msingi

Mimi nataka kuongelea za ubavuni, maana nazo zina mambo yake.

Shuleni kwetu tuna "rafiki wa siri". Kila mwalimu anaokota karatasi ya jina kwenye bakuli, kiwango kisizidi 15,000, tunapeana siku ya kufunga muhula. Mwaka juzi niliokota jina la mwenzangu ambaye wiki mbili nyuma tulivutana juu ya ratiba ya vipindi. Nikafurahi, nikajua hapa ndipo pa kumaliza yale. Nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, jioni duka zinafungwa, nikaona doti ya khanga ya kijani na machungwa, rangi anazozipenda. Nikalipa nikaondoka.

Siku ya kupeana akaikunjua mbele ya walimu wote, akasoma jina la khanga kwa sauti: HASIDI HANA SABABU.

Chumba kizima kimya. Sikuwa nimesoma. Naapa sikuwa nimesoma. Akaikunja taratibu, akaiweka kwenye mkoba, akasema asante. Mpaka mwezi wa tatu tulikuwa tunasalimiana "habari" na "nzuri" tu. Ilibidi mwalimu mkuu msaidizi atukalishe ndipo nikaeleza, na kueleza kwenyewe nililia. Leo tuko vizuri lakini ile khanga hajawahi kuivaa na sitegemei aivae.

#7 Mwana Mombasa

Pole sana mwalimu. Huku kwetu twaiita leso, na mtoto wa kike hufunzwa mapema: soma jina kabla hujauliza bei. Nenda Biashara Street utazame mama wa makamo akinunua. Hashiki rangi kwanza, hunyosha kitambaa akakisoma maneno, kisha ndiyo aulize. Leso ni barua. Ukimpa mtu umemwandikia, uwe ulikusudia au hukukusudia.

Ya kumpa mwenzio wa kazini tafuta zile za dua na shukrani. "Wema hauozi" haina ubaya kwa mtu yeyote. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" yafaa Mwislamu na Mkristo. Achana na zote zenye jirani, wivu, hasidi na mapenzi. Tena leso huuzwa pande mbili zimeshikana. Uungwana ni umpe imeshakatwa na kupindwa, asiende yeye kumtafuta fundi.

Na huyo afisa utumishi asema kweli. Huku Kenya iko ndani ya Katiba ya 2010 yenyewe, ibara ya 76: zawadi apewayo afisa wa Serikali katika hafla rasmi ni ya Jamhuri, si yake.

#8 Mtunza Daftari

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Asante kwa kutuambia.

Niongezee hapo kwa wanaokusanya orodha: ulizeni mtu anakula nini na anaadhimisha nini kabla ya kununua. Nimeona kapu la sikukuu lenye chupa ya mvinyo likikabidhiwa kwa mama wa Kiislamu, akabaki ameshika kapu kwa vidole viwili mpaka hafla inaisha. Nimeona chokoleti zinagawiwa saa 6 mchana katikati ya Ramadhani. Wasabato wengi hawatumii kahawa wala chai ya rangi, na watu wanawapa makopo ya kahawa kila mwaka. Tuliwahi kuwa na kaka Shahidi wa Yehova, Krismasi haadhimishi. Wengine wakasema basi asipewe. Tukampa Januari, tukamwambia hii ni kwa kazi yako ya mwaka, akaipokea kwa furaha na wala hapakuwa na ugumu wowote. Kuuliza ni dakika mbili.

#9 Lindo la Usiku

Habari za kazi wakubwa. Mimi ni mlinzi, niko kampuni ya ulinzi, tunalinda jengo la ofisi za watu. Nimesoma uzi huu wote lindoni.

Nataka kuwaambia kitu ambacho sidhani kama mnakijua. Sisi hatumo kwenye orodha ya ofisi kwa sababu si waajiriwa wenu. Na kwenye kampuni yetu hatupewi kitu kwa sababu wanasema tuko kwa mteja. Wasafishaji ni hivyo hivyo. Kwa hiyo Desemba tunabeba makapu ya watu kutoka lifti mpaka kwenye magari.

Kuna ofisi moja kwenye jengo hili ina roho nzuri, kila mwaka wanawakumbuka walinzi. Wanagawa saa 8 mchana. Mimi naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Miaka mitatu mfululizo wa mchana anapata, wa usiku hakuna. Siyo kwamba wanatubagua, hawajatuona tu. Wa mchana mwaka mmoja alinigawia nusu ya mchele wake kwenye mfuko wa nailoni, Mungu ambariki. Lakini mtu unajisikia vibaya, maana usiku ndiyo ulinzi wenyewe.

Sisemi tupewe. Nasema tu kama mnatoa, ulizeni zamu.

#10 Mtunza Daftari

Kaka, nimesoma ujumbe wako asubuhi hii kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Miaka 16 nimeandika orodha na sijawahi kuandika jina la mlinzi wa usiku. Nilikuwa nawaandikia "walinzi 2", kwa sababu nikitoka saa 11 jioni nawaona wawili. Nisamehe. Leo nimeuliza: jengo letu lina walinzi wanne, wawili mchana, wawili usiku, na wasafishaji wawili ambao wanaingia saa 11 alfajiri na kuondoka kabla wengi wetu hatujafika. Nimeyaandika majina yote sita.

#11 Bint Unguja

Assalaam alaykum. Niko Muscat kikazi lakini nyumbani Unguja. Nimependa neno la kuteremka, kwa sababu kwetu ndivyo Idi ilivyo. Mkono wa Idi hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mtoto anavishwa nguo mpya, anapita nyumba kwa nyumba kupeana mikono, kila mkubwa anamtilia kitu mkononi, kisha jioni anakwenda kuitumia kwenye viwanja vya sikukuu. Sijapata kuona mtoto akichangishwa mkono wa Idi wa babu yake. Huku Oman nako ipo, wanaita idiya, na mwenye duka au mwenye nyumba huwapa wafanyakazi wake.

Langu ni moja. Ofisi nyingi za bara zinajua kapu la Krismasi tu. Idi ikifika wanatoa siku mbili za mapumziko, basi, wakati kuna wafanyakazi wengi Waislamu. Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, mama yangu alikuwa anafanya kazi Dar, na anasimulia mpaka leo kwamba ndiyo mara pekee kapu lilimfaa kwa sikukuu yake mwenyewe. Kama bajeti ni ya kapu moja kwa mwaka, mtu achague mwenyewe alitake Idi au Krismasi. Haimgharimu mwajiri hata senti moja zaidi.

#12 Afisa Utumishi

Hilo la kuchagua nalichukua. Naliandika kwenye mapendekezo ya bajeti wiki hii.

#13 Mama wa Tabata

Jamani na sisi wenye madada wa kazi? Nyumbani kwangu ni kazini kwa mtu. Dada yangu anakwenda kwao Singida tarehe 20. Nimempangia nauli, gauni langu ambalo halinitoshi, na mchele kilo 25. Nimekosea?

#14 Mtunza Daftari

Hujakosea moyo, mama. Ila ngoja nikuambie ninavyoona, mimi mwenyewe nimeishi na wadada wanne kwa nyakati tofauti.

Nauli usiihesabu kwenye zawadi. Kama mlikubaliana utamrudisha kwao, nauli ni deni lako, na atakuwa anajua hivyo hata asiposema.

Gauni mpe, lakini siku nyingine. Mpe Novemba, mpe Februari. Sikukuu mtu apewe kitu kilichonunuliwa kwa ajili yake, hata kiwe kitenge cha bei ya chini. Nguo uliyokwisha kuivaa inamwambia amepewa kilichobaki.

Mchele kilo 25 ndiyo tatizo kubwa. Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki ya Krismasi uone watu wanavyohangaika na mizigo: kuna wa kuubeba kutoka bodaboda mpaka kwenye basi, kuna wa kuupakia, na kila mmoja anataka chake. Akishuka Singida ana safari nyingine ya kijijini. Huo mchele utakuwa umemla nusu ya hela yake kabla haujapikwa. Mpe pesa taslimu anunue huko huko, au mtumie kwa simu akishafika, ambayo pia ni salama zaidi kuliko kuiweka kwenye pochi njiani. Na ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Mtu akitumiwa 50,000 halafu akakatwa wakati wa kutoa, umempa pungufu ya ulichosema.

Na umkabidhi kabla ya siku ya safari, mkiwa mmekaa, umwambie amefanya nini kizuri mwaka huu. Ukisubiri mpaka bodaboda inapiga honi getini, atapokea bila hata kukutazama.

#15 Stoo na Manunuzi

Swali fupi. Wazabuni wanaleta makapu mwezi huu, kalenda, shajara, wengine kuku waliochinjwa. Nifanyeje? Nikirudisha wanaona nimewadharau.

#16 Afisa Utumishi

Kalenda na shajara pokea, weka mezani mapokezi anayetaka achukue. Zaidi ya hapo, kama zabuni yao iko mezani kwako au itakuwa mezani kwako robo inayofuata, rudisha kwa barua ya shukrani yenye nakala kwa mkuu wako. Vinavyooza kama kuku, andika kwenye rejesta vimepokelewa, vipikwe viliwe na ofisi nzima mchana kweupe. Usibebe nyumbani hata paja. Mwaka ukipita mtu wa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, akikuuliza, rejesta itakujibia.

#17 Mzee wa Kazi

Marahaba mwanangu, na samahani kwa kuchelewa kuitikia.

Nimefikiri habari ya kuku na kufungashiwa. Ni kweli, sikuwahi kurudi mikono mitupu kutoka kwa mzee yeyote. Na ni kweli pia kwamba zile zawadi tulizokuwa tunawapa wakubwa zamani, sikumbuki waliturudishia nini. Bado naamini mtu akimpenda mkubwa wake kwa dhati ampelekee mwenyewe kitu kidogo cha mkono wake, embe la shambani au chupa ya asali ya kwao. Hapo pia mtanikatalia?

#18 Mtunza Daftari

Hapana mzee wangu, embe la shambani sikatai. Umelipanda, unampelekea kimya kimya, huandikwi popote na asiyepeleka haonekani.

Sasa niwape mrejesho, leo ni Ijumaa.

Jumatano niliandika grupuni hivi: "Ndugu zangu, mwaka huu sitashika daftari la zawadi ya mkurugenzi. Naomba tumwandikie kadi ya pamoja, na kadi nitainunua mimi. Anayetaka kuchanga, tuchange kwa ajili ya walinzi wanne na wasafishaji wawili wa jengo letu, kila mtu atoe anachoweza amtumie mhasibu, na jina la mtu lisipandishwe." Niliandika nikafuta mara nyingi kabla sijatuma. Kwa saa mbili hakuna aliyejibu. Kisha dereva wetu akaweka dole gumba, halafu dada wa masijala, halafu wengine.

Kufikia hapo watu 14 walikuwa wameshatoa 30,000 zao kwa yule aliyeanzisha mchango, jumla 420,000. Kukawa na mjadala zihamishiwe kwa walinzi moja kwa moja. Nilipinga hilo, kwa sababu fedha iliyotolewa kwa jambo moja haipelekwi kwenye jingine bila mwenyewe kusema. Tukamuuliza kila mmoja pembeni. Wanne wakataka zao, wamerudishiwa jana kwa simu, na ya kutolea juu. Kumi wakasema ziende kwa walinzi na wasafishaji. Hiyo ni 300,000, sawasawa 50,000 kila mtu kwa wale sita.

Nimempigia kwanza msimamizi wa kampuni ya ulinzi na wa kampuni ya usafi, wajue, ili watu wao wasije wakaulizwa wamepokea nini kwa siri. Wote wawili wamekubali.

Siwezi kusema mambo yote ni mazuri. Aliyeanzisha mchango hanisalimii, tunapishana kwenye korido kama hatujuani, na hilo linaniuma kwa sababu tumekula meza moja miaka sita. Mkurugenzi hajasema neno, sijui kama ameambiwa. Kadi iko kwenye droo yangu, imeshasainiwa na watu 19, anayesubiriwa ni mmoja.

Kukabidhi ni Jumanne. Wasafishaji nitawawahi saa 11 alfajiri, nimeongea na bodaboda wa mtaani kwangu. Walinzi wa mchana saa 8. Wa usiku nitabaki ofisini mpaka saa 12 na nusu jioni, wakishabadilishana zamu.